Ya Kufungia Nini?

Bi Time Mabruki wa Gando, kisiwani Pemba, alisokota na kuuza kamba za usumba kwa zaidi ya miaka thelathini. Katika miaka ishirini ya mwisho hakumuuzia mtu kamba bila ya kumuuliza kwanza: "Ya kufungia nini?"

Aliyejibu "ng'ombe", au "ndoo ya kisimani", au "paa la banda", alipewa. Aliyesitasita alirudishiwa fedha zake na kamba ikarudi ndani ya pakacha. Watoto wa skuli walikuwa wakimwigiza njiani. Hata jirani yake Bi Mwanawema, ambaye walikua pamoja tangu utoto, hakusalimika.

"Nataka pima nne, Time."

"Ya kufungia nini?"

"Ya kumfungia mume wangu, asende kuoa."

"Mumeo mzito yule, pima nne hazimtoshi. Ya kufungia nini?"

"Mbuzi, mwana we! Mbuzi! Umri wote huu hunijui?"

"Nakujua. Mbuzi yupi?"

Nilifundisha Gando kwa miaka ishirini na miwili, na mazungumzo kama hayo niliyasikia mara nyingi barazani kwake. Wengi wa waliocheka hawakuwepo mwaka 1988, au walikuwa bado wadogo. Bi Time alifariki mwaka 2009, na sisi tuliokuwepo tunapungua. Kwa hiyo nimeona ni wajibu wangu kueleza swali lile lilitoka wapi.

Babu yake Bi Time aliletwa Pemba kutoka bara kwa ajili ya kuchuma karafuu, akabaki. Baada ya Mapinduzi baba yake alipata eka tatu katika mgao wa ardhi, na juu ya eka hizo binti huyu aliolewa na Masika, mchumaji hodari ambaye watu walikuwa wakimgombania kila msimu. Masika alianguka kutoka juu ya mkarafuu mwaka 1975 na hakuamka. Aliacha mtoto mmoja wa kiume, Hamad, aliyekuwa na umri wa miaka sita.

Mjane huyo akashika kazi ya kamba. Ni kazi ya subira. Makumbi ya nazi huchimbiwa kwenye tope la pwani, hufunikwa kwa mawe na matawi ya mikoko, na huachwa humo miezi sita mpaka yalainike. Kisha hufukuliwa, hupondwa kwa gongo, huoshwa na kuanikwa, na usumba unaobaki husokotwa kwa viganja, uzi juu ya uzi. Viganja vya Bi Time vilikuwa vigumu kama nyayo. Kila kamba aliimalizia kwa fundo moja na kipande cha kanga nyekundu, ili aliyeipenda ajue pa kurudi kununua nyingine.

Hamad nilimsomesha mimi. Alikuwa na hati nzuri, na tabia ya kufuta ubao bila ya kuambiwa. Alipofika miaka kumi na minane alianza kubadilika. Aliacha kulala. Alisimama njiani muda mrefu, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Alijitenga na wenzake kiwanjani. Mama yake alikuja skuli kuniuliza.

"Mwalimu, mwanangu hali wala halali. Vije?"

Nilimjibu kwamba ni ujana, utapita. Nilisema hivyo kwa nia njema na bila ya kujua lolote. Yeye alinishukuru, akarudi kwenye makumbi yake.

Mwaka uliofuata, katika msimu wa vuli, magunia mawili ya karafuu kavu yalitoweka ukumbini mwa Mzee Soud. Mzee Soud alikuwa na shamba kubwa kuliko yote ya upande ule, naye alikuwa mtu wa heshima. Kituo cha polisi kilikuwa Wete, mwendo wa asubuhi moja, lakini hakuna aliyetaka kwenda. Karafuu ilikuwa mali ya kuuzwa serikalini tu. Askari akija kuuliza magunia mawili, ataingia kila nyumba kuhesabu mengine, na siku zile aliyekamatwa kwa magendo ya karafuu hakurudi upesi nyumbani. Tulikuwa na njia yetu wenyewe.

Njia hiyo ni Halbadiri. Watu hukusanyika, wakasoma majina ya mashahidi na wapiganaji wa Badri, wakamwomba Mwenyezi Mungu amdhihirishe aliyeficha haki ya mtu, au balaa impate. Kabla ya kusoma hutangazwa siku tatu, ili mwenye kuchukua arejeshe kwa siri asijulikane. Mara nyingi haikufika kusomwa, kitu kilirudi. Bi Time mwenyewe aliwahi kuibiwa mzigo wa kamba, akatangaza, na asubuhi ya siku ya tatu akaukuta mlangoni. Aliiamini njia hii, nami niliiamini. Hakuna anayepigwa, tulisema, wala hakuna anayewekwa ndani.

Shehe Othman, aliyekuwa akisomesha chuo cha Kurani, alitangaza siku ya Ijumaa. Siku tatu zikapita. Jumatatu baada ya sala ya alasiri tukakaa kwenye jamvi ukumbini mwa Mzee Soud, watu kumi na mmoja, ubani ukifuka katikati. Mimi nilikuwa wa saba kutoka mlangoni. Tulisoma mpaka karibu na magharibi, na sauti zetu zilifika mbali.

Hatukufikiri ni nani anayetusikia.

Jumatano asubuhi Hamad alikwenda nyumbani kwa Mzee Soud. Alisimama uani, viganja vyake vimefunguliwa mbele yake.

"Ni miye," alisema. "Nimezichukua."

Mzee Soud akatoka ndani. "Umezichukua weye, Hamad? Ziko wapi?"

"Nimezila. Zimo tumboni. Zinaniunguza."

Watu wakajaa. Nakumbuka neno lililopita kutoka mdomo hadi mdomo, nalo lilisemwa kwa furaha: "Imempata! Imempata!" Mmoja alimuuliza amezila vipi gunia mbili. Hamad akaanza kumweleza, kwa utulivu, tonge baada ya tonge. Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Halafu alipiga kelele kwamba moto umepanda kifuani, akakimbia kuelekea baharini.

Vijana walimkamata kwenye mikoko, maji yakiwa kiunoni. Walimrudisha, na kwa kuwa alipigana nao, wakamfunga mikono na miguu kwa kamba iliyokuwa ikitumika kumfungia ng'ombe wa Mzee Soud. Nililetewa habari skulini, nikafika pamoja na mama yake. Bi Time aliangalia kwanza uso wa mwanawe, kisha akaangalia vifundo vya mikono. Kwenye ncha ya kamba palikuwa na kipande cha kanga nyekundu.

"Hino kamba kaileta nani?" aliuliza.

"Bi Time, tumemfunga kwa salama yake," alisema Shehe Othman. "Angezama."

"Nimeuliza kamba, shehe."

Bi Time akapiga magoti. Fundo la kamba ya usumba likirowa hukaza, na lile lilikuwa limerowa maji ya chumvi. Vidole vilimshinda, akalifungua kwa meno. Alipomaliza, midomo ilikuwa inatoka damu. Akamshika mwanawe mkono, wakaenda zao, Hamad akitembea nyuma yake viganja wazi.

Baada ya wiki mbili alirudi kijijini Mmanga, mtoto wa Mzee Soud, aliyesemekana kwenda mji wa Mkoani kumzuru shangazi yake. Alirudi na redio mpya na doti za kanga ambazo Mkoani hazikuwepo. Bi Time alimwona akipita, na hapo akakumbuka jambo. Siku chache kabla ya magunia kutoweka, Mmanga alikuja kwake kununua kamba pima arubaini. Pima arubaini si za mbuzi wala za kisima. Mtu hununua pima arubaini akiwa na mzigo wa kufunga chomboni, wa kuvuka nao bahari mpaka upande wa Kenya. Bi Time siku ile alifurahi kwa biashara nzuri na hakuuliza neno.

Alikwenda kwa Mzee Soud siku hiyo hiyo. Yaliyosemwa nimeyasikia kutoka kwa wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hayakutofautiana.

"Mzee Soud, karafuu zako kachukua mwanao."

Mzee Soud alikwishajua, Mmanga mwenyewe alimwambia, naye akamwambia Shehe Othman peke yake.

"Mwanangu kosa lake nalijua," alisema. "Wataka nini, Time? Nitakupa."

"Sitaki kupewa. Nataka wale kumi na mmoja wakae tena jamvini, mwanangu kati yao, mumwambie kwa vinywa vile vile vilivyosoma: Hamad, hukuchukua. Basi. Sina jengine."

"Nikisema si Hamad, wataniuliza ni nani. Na nikisema ni nani, neno litafika Wete kabla ya magharibi. Watamchukua Mmanga, hatutamwona tena. Ngoja msimu upite. Askari wa magendo wakishaondoka, nitakaa, nitasema. Wallahi nitasema."

Bi Time angeweza kwenda Wete mwenyewe. Alitoka nyumbani alfajiri ya siku ya pili, akatembea mpaka nusu ya njia, akaketi juu ya jiwe. Aliniambia kwamba pale alimfikiria mama yake Mmanga. Alimwona anavyopika chakula cha mtu asiyekuwepo. Akainuka, akarudi.

"Nilisema nitangoja," aliniambia. "Mwezi, miezi miwili, yatakuwa nini? Mwanangu yuko ndani, hapigwi, hafungwi. Nikangoja, Mwalimu. Hilo ndilo kosa langu miye. La kwao walijue wenyewe."

Msimu ulipita, na askari hawakuondoka. Aliambiwa baada ya Rajabu. Ikawa Shaaban, watu wana hitma zao. Ukaingia Ramadhani. Kila alipopita mlangoni kwa Shehe Othman aliambiwa, "Karibu, Bi Time, karibu sana itakuwa." Na kila siku ya kungoja, Hamad aliketi chumbani akiyarudia yale magunia, akayapa uzito, akayapa harufu, akakumbuka ni mlango upi alioingilia na mguu upi uliotangulia. Mwezi wa kwanza alikuwa akisema, "Nadhani nilizichukua." Kufika Ramadhani hakuwa anadhani tena.

Baada ya Idi, Mmanga alivuka bahari kwa mara nyingine na akatuma salamu kwamba harudi. Ndipo Mzee Soud akasema yuko tayari. Miezi sita ilikuwa imepita.

Tulikaa katika mwezi wa Mfunguo Mosi, siku ya Alhamisi, ukumbini mule mule, sisi kumi na mmoja. Hamad alivaa kanzu nyeupe aliyofuliwa na mama yake. Bi Time alikaa nje, nyuma ya mlango, pamoja na Bi Mwanawema. Shehe Othman alisoma Fatiha. Kisha Mzee Soud akageuka akamwelekea Hamad.

"Hamad mwanangu. Karafuu zile alichukua Mmanga, akauza ng'ambo. Weye hukuchukua. Hukuchukua hata punje. Nakutaka radhi mbele ya watu hawa."

Hamad alimtazama kwa huruma. Sijui neno jengine la kuielezea sura yake.

"Baba Soud," alisema, "usimzulie mwanao kwa ajili yangu. Najua mwanionea huruma kwa kuwa ni mgonjwa. Nilizichukua. Nilizila. Mungu ananijua."

Mmoja wetu akasema kwamba Hamad ameapa kwa jina la Mungu. Mwengine akasema tusome tena. Shehe Othman alijifunika uso kwa kilemba. Mlango ukasukumwa, akaingia Bi Time, jambo ambalo mwanamke hakulifanya katika kisomo cha wanaume.

"Mmemaliza?" aliuliza.

"Hakubali, Bi Time," nikamwambia.

"Nimesikia. Nyiye mlimsomea siku moja, na yeye kajisomea miezi sita. Basi mtakuja kumwambia tena. Kesho aje mmoja. Kesho kutwa aje mwengine. Mpaka azoee."

Hivyo ndivyo ilivyoanza zamu ambayo baadaye watu wa vijiji vya jirani walikuja kuiangalia. Mwanzo haikuwa na jina wala mpango. Kila siku baada ya alasiri mmoja wetu alikwenda barazani kwa Bi Time, akapewa fungu la usumba, akakaa kando ya Hamad kusokota. Mtu asiyeijua kazi hiyo huchubuka viganja, na Hamad alikuwa akitucheka.

"Mwalimu, huo ni uzi au mkia wa panya?"

"Ni uzi, Hamad. Wa mwanafunzi mgeni."

"Ungenipa mtihani miye nikuletee wa namna hiyo, ungenichapa."

Saa ikifika ya kuondoka, kila mmoja alitakiwa kusema maneno yale yale: "Hamad, hukuchukua kitu cha mtu." Naye alijibu kwa adabu, "Nilichukua, baba. Ahsante kwa kuja." Zamu yangu ilikuwa ya saba. Wanne kati ya kumi na mmoja waliacha katika mwaka wa kwanza. Siwalaumu, kwa sababu jibu lile lilichosha moyo. Mzee Soud hakuacha. Alichukua siku zake na za wale walioacha, na alipopooza mguu alibebwa kwenye baiskeli.

Mwaka wa tatu alikuja mama mmoja kutoka Wawi na binti yake wa miaka kumi na sita, aliyeacha kusema tangu Mfunguo Pili. Alikuja kununua kamba.

"Ya kufungia nini?" Bi Time alimuuliza.

Mama yule akatazama chini. Bi Time akairudisha kamba ndani ya pakacha, akamvuta binti kwa kiganja. "Kaa hapa. Shika huu usumba. Si lazima useme. Siye hapa twasokota tu." Binti alikaa kwa ndugu zao wa Gando miezi mitano, akija kila alasiri. Siku moja alisema uzi wa Mwalimu ni mbaya. Mama yake alipoletewa habari alilia kwa sauti, nasi pia.

Baada yake walikuja wengine. Kijana aliyevunja vyombo vya nyumba, ambaye kaka zake walikwisha kutuma mtu kuita polisi, aliletwa barazani kabla ya gari kufika. Askari alikunywa chai, akaangalia, akaondoka. Muuguzi mmoja wa Wete alianza kuja kila mwezi na dawa, na dawa zilisaidia; naandika hivi kwa sababu wako wanaodhani kamba peke yake ilitosha. Halbadiri haikusomwa tena Gando bila ya kwanza kuulizwa nyumba kwa nyumba kama yuko mgonjwa wa fikra anayeweza kuisikia. Hilo Shehe Othman aliliweka yeye, na mpaka leo linafuatwa.

Hamad naye alipata nafuu. Alilala. Alinenepa. Alikuwa fundi wa kamba kumshinda mama yake, na wale vijana wagonjwa walimpenda kwa kuwa hakuwaharakisha. Lakini alipotembea barabarani aligeuza viganja mbele, vidole vimetanuka, ili kila anayekutana naye aone kwamba hakubeba kitu. Alitembea hivyo kwa miaka minane. Msimu wa karafuu alizunguka kwa njia ya mabonde ya mpunga, mbali na majamvi ya watu ya kuanikia karafuu.

Alifariki mwezi wa Machi 1997, kwa homa ya siku tatu, akiwa na umri wa miaka ishirini na minane.

Kwetu, jeneza likisha kuswaliwa, hutangazwa kwamba marehemu kama alimkosea mtu, au yuko mwenye haki yake, aseme, au amsamehe. Shehe Othman alitangaza. Kwa kawaida watu hunyamaza au hujibu kwa pamoja kwamba wamesamehe. Safari hii Mzee Soud aliomba ainuliwe. Watu wawili walimshika makwapani, akasema kwa sauti iliyofika mwisho wa safu:

"Hamad bin Masika hakuchukua kitu cha mtu. Miye ndiye niliyemkosea."

Tukamzika. Wanawake kwetu hawafuati jeneza, kwa hiyo tuliporudi Bi Time alikuwa ndani, amezungukwa na wenzake. Aliniita mlangoni. Bi Mwanawema alikuwa amemshika bega.

"Mwalimu, ilisemwa?"

"Ilisemwa, Bi Time."

"Nani kasema?"

"Mzee Soud. Mbele ya watu wote."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

Viganja vyake vilikuwa vinasuguana magotini, kama vinasokota kitu.

"Na mwanangu," aliuliza, "safari hii hakukataa?"

"Hakukataa," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. "Alhamdulillahi," alisema, na akamwomba Bi Mwanawema amsaidie kulala.